Nimeongeza RAM, mashine pepe ikaonyesha imepungua! Maswali yenu kuhusu memori na kerneli

Safari hii nimeweka pamoja barua tano, kwa sababu ukizisoma moja moja unaona kila mtu ana tatizo lake, ila ukizipanga mezani zote zinauliza kitu kimoja, nimeipa mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine) memori, kwa nini kerneli yake, yaani moyo wa mfumo endeshi, haiioni? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, wengine mtanisamehe majibu yenu ni mafupi kidogo.

SWALI: Mambo vipi fundi. Mimi naangalia kompyuta za saccos yetu huku Mwanza. Tuna programu ya zamani ya mikopo, inakaa kwenye Debian 8 (aina ya Linux) ya biti 32, aliyeiandika alishahama na hakuna mwenye msimbo wake kwa hiyo hatuigusi. Mwanzo ilikuwa kwenye VirtualBox juu ya kompyuta ya mezani ya ofisini, mimi nikaihamishia kwenye Proxmox (zote mbili ni programu za kuendesha mashine pepe). Nikaipa MB 2560 na ilikuwa inazionyesha karibu zote. Mwisho wa mwezi ikawa nzito sana, nikasema ngoja niiongezee, nikaipa MB 4096, nikazima nikawasha. Sasa free -m (amri ya kuonyesha RAM) inanionyesha MB elfu mbili na kidogo tu! Nimeongeza RAM ikapungua. Nikarudisha 2560, zikarudi zote. Nikaweka 6144, elfu mbili na kidogo vilevile. Nimebadilisha mpaka vijiti vya RAM vya seva yenyewe. Aina ya mashine nimechagua q35. Kuna nini hapa? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Poa ndugu yangu. Vijiti vyako ni vizima, kama ulivitoa vipo mezani virudishe tu. Na asante kwa kuandika namba zote, maana jibu lako limejificha humo humo kwenye 2560, 4096 na hiyo q35.

Sisi wote tunafikiria RAM kama gunia, ukimimina zaidi linajaa zaidi. Kerneli haioni hivyo. Kerneli inaona anwani. Kila baiti ina namba yake ya nyumba, na kerneli ya biti 32 ya kawaida daftari lake la namba linaishia 4,294,967,296, yaani GB 4, basi. Nyumba ikijengwa mbele ya namba hiyo, hata iwe nzuri vipi, mjumbe hana ukurasa wa kuiandika, kwake yeye haipo.

Sasa tatizo lako limeanzia hapa, hizo anwani za chini ya GB 4 siyo za RAM peke yake. Unakumbuka wakati wa vile vibao vya anwani za makazi mwaka 2022, mtaani kwenu kuna viwanja havikupewa nyumba kwa sababu ni hifadhi ya barabara au inapita laini ya umeme? Kwenye kompyuta ni hivyohivyo, sehemu ya juu kabisa kuelekea GB 4 ni hifadhi, pale wanakaa BIOS yenyewe (programu ndogo inayoiwasha kompyuta), kadi ya skrini, kadi ya mtandao, vidhibiti vya kukatiza prosesa, wote wanahitaji anwani ambazo prosesa akiziandikia anaongea na kifaa na siyo na RAM. Ile RAM ambayo ingekaa pale inahamishwa, inapewa anwani mpya kuanzia GB 4 kwenda juu, ng'ambo ya pili ya mstari.

Na mashine pepe inaigiza hayo yote kwa uaminifu. QEMU, ambayo ndiyo injini chini ya Proxmox, inakupa kuchagua ubao wa aina mbili za Intel, i440FX ya 1996 na Q35 ya 2007. Kila mmoja una mpaka wake wa kukata RAM:

Ukiwa na q35, RAM ikiwa chini ya MB 2816 yote inakaa upande wa chini, haikatwi. Ikifika 2816 na kuendelea, inakatwa kwenye GB 2 kamili, na kila kinachobaki kinahamia juu ya GB 4.

Ukiwa na i440FX, RAM ikiwa chini ya MB 3584 yote inakaa chini. Ikifika hapo na kuendelea, inakatwa kwenye GB 3, zinazobaki zinapanda juu.

Haya rudi kwenye namba zako. MB 2560 ni pungufu ya 2816, kwa hiyo zote zilikaa chini na kerneli yako ikaziona. Ulipoweka 4096 ukavuka mpaka, QEMU ikakata kwenye GB 2, GB 2 nyingine ikazipeleka ng'ambo ambako kerneli yako haifiki. Ukaweka 6144, zikabaki GB 2 chini na GB 4 nzima zikaenda ng'ambo, ndiyo maana hukuona tofauti yoyote. Kwenye hesabu za seva memori hiyo imeshagawiwa mashine yako, ila hakuna wa kuitumia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kwenye kesi hizi, kwa sababu mtu anaona hesabu ya seva imejaa na mashine pepe inalia njaa kwa wakati mmoja, anaishia kuomba bajeti ya kununua RAM nyingine.

Utauliza kwa nini wakate kwenye GB 2 kamili wakati nafasi ipo mpaka 2816? Ni kwa ajili ya hosti, yaani kompyuta halisi inayoibeba mashine pepe. Ukikata kwenye gigabaiti kamili, anwani za mashine pepe na anwani za hosti zinalingana gigabaiti kwa gigabaiti, hosti inaweza kuzishika kwa kurasa kubwa badala ya vipande vidogo vidogo vya KB 4, na mwendo unakuwa mzuri. Kwa kerneli ya biti 64 huo ni uamuzi wa busara kabisa, haipotezi kitu, anayeumia ni wa biti 32 kama wewe.

Usiniamini kwa mdomo, nenda kaangalie mwenyewe. Kerneli ikiamka, kati ya vitu vya mwanzo inavyofanya ni kuiuliza BIOS, nipe ramani, RAM iko wapi na wapi? Inaita huduma moja ya BIOS yenye namba E820, inajibiwa mstari mmoja mmoja mpaka ramani inaisha, halafu inaichapa. Andika hivi ndani ya mashine pepe:

dmesg | grep -i e820

Ukiwa umeipa 4096 kwenye q35 utaona mistari inayofanana na hii (namba za mwisho mwisho zinaweza kutofautiana kidogo):

BIOS-e820: [mem 0x0000000000000000-0x000000000009fbff] usable
BIOS-e820: [mem 0x0000000000100000-0x000000007ffdbfff] usable
BIOS-e820: [mem 0x00000000b0000000-0x00000000bfffffff] reserved
BIOS-e820: [mem 0x0000000100000000-0x000000017fffffff] usable
e820: last_pfn = 0x7ffdc max_arch_pfn = 0x100000

Soma nami taratibu. Mstari wa kwanza ni zile KB 639 za enzi za DOS. Wa pili unaanzia MB 1 unaishia karibu kabisa na GB 2, hiyo ndiyo RAM unayoiona kwenye free. Wa tatu ni MB 256 za hifadhi ya PCI Express, hapo ndipo mpaka wa 2816 unapotoka, b0000000 ni MB 2816 kamili, piga hesabu utaona. Wa nne ndiyo GB 2 zako zilizopotea! Zinaanzia GB 4 zinaishia GB 6, na BIOS imesema wazi kwamba zinatumika.

Mstari wa mwisho ndiyo hukumu. Hiyo max_arch_pfn ni idadi ya kurasa za KB 4 ambazo kerneli hii inaweza kuzihesabu, 0x100000 mara KB 4 ni GB 4. Na last_pfn inakwambia ukurasa wa mwisho ilioukubali, 0x7ffdc, yaani ilifika karibu na GB 2 ikasimama. Mstari wa nne iliusoma, ikaona uko nje ya daftari, ikaupita kimya bila kutoa kosa lolote. Ndiyo sababu hukuona ujumbe wowote mwekundu.

Dawa sasa. Mwaka 1995 Intel walitoa Pentium Pro yenye kitu kinaitwa PAE, jedwali la kurasa linapanuliwa, anwani za RAM zinakuwa za biti 36 badala ya 32, yaani GB 64. Programu zinabaki vilevile za biti 32, hazijui kama kuna kilichobadilika, ni kerneli tu inayopata daftari nene zaidi. Debian 8 ya biti 32 ina kerneli mbili, moja jina lake linaishia 586 (haina PAE) na nyingine linaishia 686-pae. Andika uname -r. Nina hakika utaona 586, kwa sababu 0x100000 ni namba ya kerneli isiyo na PAE. Na sababu yake naihisi ni ile VirtualBox ya mwanzo, kwenye setingi za prosesa kuna kisanduku cha PAE/NX, kisipotikiwa mashine pepe haioni PAE, na wakati wa kuinstoli Debian inachagua 586 yenyewe kwa usalama. Ulipohamia Proxmox kerneli ikahamia ilivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza snapshoti na bakapu, tena bakapu ukaijaribu kuirudisha mahali pengine, kwa sababu hiyo ni mikopo ya watu. Hakikisha prosesa pepe ina PAE kwa grep -w pae /proc/cpuinfo, kama inatoa chochote umepona. Debian 8 siku zake zimekwisha kwa hiyo vifurushi vyake sasa viko archive.debian.org, elekeza sources.list huko, halafu apt-get install linux-image-686-pae, washa upya, chagua kerneli mpya kwenye menyu ya GRUB (programu inayoipakia kerneli wakati wa kuwasha) kama haikujichagua. Ukirudia ile dmesg, max_arch_pfn itakuwa imebadilika kuwa 0x1000000, sifuri moja imeongezeka, na free itakuonyesha karibu GB 4 zote. Kerneli ya 586 usiifute, iache kama njia ya kurudi.

Kama bosi amekataa kabisa kuguswa kwa kerneli, basi cheza na mipaka tu. Baki q35 ukaipa MB 2800, utapata zote. Au badilisha aina ya mashine kuwa i440FX ukaipa MB 3500, hapo unapata karibu gigabaiti moja na nusu zaidi ya hizo unazoona leo bila kubadilisha hata faili moja ndani. Ila ukibadilisha ubao jiandae kadi ya mtandao inaweza kuja na jina jipya, fanya hiyo kazi jioni watu wakishatoka, na uwe na konsoli ya Proxmox mkononi usitegemee SSH peke yake.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mtu ambaye hawezi kugusa programu, weka kerneli ya biti 64 chini ya mfumo uleule wa biti 32. Debian inaruhusu, unaandika dpkg --add-architecture amd64, apt-get update, kisha apt-get install linux-image-amd64:amd64. Programu yenu ya mikopo itaendelea kukimbia ikiwa ya biti 32 vilevile, tena kila programu inapata karibu GB 4 nzima ya anwani zake badala ya 3. Jaribu kwenye kloni kwanza, siyo kwenye yenyewe.

SWALI: Fundi uko aje, mimi niko Nairobi. Hiyo story ya PAE naijua, na nilisoma kwamba inafika GB 64. Nikaamua kuipa VM (mashine pepe) yangu ya biti 32 GB 48 hivi mara moja, si server iko nazo. Inabuti sawa, free inaonyesha zote, lakini ikipata kazi kidogo tu inaanza kuua programu, OOM killer, na ukiangalia kuna GB 30 na zaidi ziko free! Inawezaje kuua watu kwa njaa na ghala limejaa? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Niko sawa kaka. Ghala limejaa lakini jikoni ndiko kumeisha unga, na kerneli inapikia jikoni.

Kwenye biti 32 anwani za ndani zinagawanywa, GB 3 za programu na GB 1 ya kerneli. Katika hiyo GB 1, MB 128 za mwisho zimetengwa kwa ramani za muda, zinabaki MB 896 ambazo kerneli inazishika moja kwa moja, zinaitwa lowmem. Kila kitu kingine juu ya hapo ni highmem, kerneli ikikitaka lazima ikifungulie kidirisha kidogo, ikitumie, ikifunge. Na vitu vyake vya muhimu, meza za faili, bafa za mtandao, orodha za michakato, havikai highmem hata kidogo, vinabanana kwenye hizo 896.

Sasa PAE iliongeza ghala, jikoni hawakulipanua. Mbaya zaidi, ghala lenyewe linakula jikoni, kwa sababu kila ukurasa wa KB 4 wa RAM una kikadi chake cha kumbukumbu cha takriban baiti 32, na vikadi vyote vinakaa lowmem. Piga hesabu, GB 48 ni kurasa 12,582,912, mara 32 unapata MB 384. Kabla hujawasha programu hata moja, MB 384 kati ya 896 zimeshaondoka! Ungeenda mpaka GB 64 zingeondoka 512. Hapo mzigo mdogo tu wa diski na mtandao unamaliza zilizobaki, kerneli inatafuta nafasi lowmem haipati, inaanza kuua.

Angalia mwenyewe kwa free -lm, kuna mstari wa Low na mstari wa High, utaona Low iko karibu sifuri. Ishushe mashine hiyo iwe GB 8, ukizidisha sana iwe 16 (hapo vikadi vinakula MB 128), itatulia kuliko ilivyo na 48. Ukitaka kutumia zote 48 njia ni kerneli ya biti 64, hakuna ujanja mwingine. Na usiweke mipango ya miaka mingi mbele kwenye hiyo biti 32, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haitoi tena kerneli wala kiinstola cha i386.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Arusha, natumia laptopu ya zamani ya biti 32 niliyoachiwa na kaka, nimeipandisha RAM mpaka GB 4. Nafanya mazoezi ya QEMU, nikiandika -m 2500 inagoma inasema at most 2047 MB RAM can be simulated. Lakini nina GB 4! Naomba msaada nina mradi. – Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwako ukuta uko upande wa pili, siyo ndani ya mashine pepe bali kwa hosti. Mashine pepe nzima kwa kerneli ya laptopu yako ni programu moja tu kama vile brauza, na RAM yake yote ni kipande kimoja ambacho QEMU inakiomba kwa mmap ndani ya nafasi yake yenyewe. Kwenye biti 32 hiyo nafasi ni GB 3, na humo kuna QEMU yenyewe, laibrari zake, staki za nyuzi zake (threads), zimesambaa huku na kule, kupata kipande kimoja kisichokatika cha zaidi ya GB 2 ni bahati nasibu. Waandishi wa QEMU wakaweka kikomo cha MB 2047 kwa hosti za biti 32, wakaandika na huo ujumbe.

Kwanza angalia kama prosesa yako kweli ni ya biti 32. Andika grep -w lm /proc/cpuinfo. Ikitoa chochote, prosesa inaweza biti 64 na kaka aliinstoli mfumo wa biti 32 tu, laptopu nyingi za zamani ziko hivyo. Chukua bakapu ya kazi zako, instoli mfumo wa biti 64, kikomo hicho utakisahau. Ila hata hapo usiipe mashine pepe 2500 ukabaki na brauza imefunguliwa tabo 20, laptopu ya GB 4 itaanza kuswapu mpaka uione inaganda, mpe 1500. Isipotoa kitu, fanya mradi wako na MB 1024, Linux isiyo na deskitopu inatosha humo vizuri sana, wala mwalimu hatakupunguzia maksi.

SWALI: Habari za kazi. Nina mashine pepe ndogo ndogo nyingi, kila moja nimeipa MB 256 ili zitoshee. Zilikuwa zinabuti vizuri, nimeapgredi Debian, moja ikakataa, inaandika Initramfs unpacking failed: write error, halafu kernel panic, Unable to mount root fs. Diski nimeikagua iko salama. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri, pole na kazi. Diski kweli haina kosa, kerneli haijaifikia hata. Wakati wa kubuti, GRUB inaweka memorini vitu viwili, kerneli na initrd, ambayo ni mfuko uliobanwa wenye moduli za kuifungulia diski. Kerneli inaufungua mfuko ndani ya RAM, na katika dakika hiyo mfuko uliobanwa na vitu vilivyofunguliwa vyote viwili vinataka nafasi pamoja. Ukiwa na MB 256, toa kerneli, toa mfuko wenyewe, kilichobaki hakitoshi, uandishi unakatika katikati, moduli ya diski haipo, panic. Kuapgredi kumekuletea initrd nono kuliko ya zamani, ls -lh /boot itakuonyesha.

Ipandishe iwe MB 1024 kwa muda, iwashe, halafu fungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, pale penye MODULES=most andika MODULES=dep, kisha update-initramfs -u. Hapo inabeba moduli za mashine hiyo tu badala ya kubeba za dunia nzima. Linganisha ukubwa kabla na baada. Kisha ishushe mpaka 512, mimi chini ya hapo kwa Debian za siku hizi singekwenda. Ila ujue ukiwa na dep ukiihamishia aina nyingine ya diski pepe haitabuti, kwa hiyo kabla ya kuhama rudisha most.

SWALI: Assalaam alaykum ndugu. Nakusoma nikiwa Muscat, nafanya kazi kwenye chumba cha seva cha kampuni moja. Tuna hosti ina RAM TB 2, wakubwa wanataka mashine pepe moja ya database yenye TB 1.5. QEMU haianzi, inasema phys-bits too low (40). Nikiishusha GB 900 inawaka. Kerneli ni ya biti 64 kila mahali, sasa biti 40 zimetoka wapi? – Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Tumeanza na mtu wa GB 2 tunamaliza na wa TB 1.5, na ukuta ni uleule, daftari la anwani, lako tu ni nene zaidi.

Prosesa ya biti 64 haitumii biti 64 zote kwa anwani za RAM. Kila modeli ina idadi yake, na inaitangaza. Andika kwenye hosti grep 'address sizes' /proc/cpuinfo, kwenye Xeon nyingi utaona 46 bits physical, 48 bits virtual, yaani RAM mpaka TB 64, Core za laptopu nyingi ni 39 tu, GB 512. Ila prosesa pepe QEMU inaitangazia 40 usipoiambia vingine, sawa na Opteron za AMD za 2003. Biti 40 ni TB 1 kamili. Ni namba ya tahadhari, inarahisisha mashine pepe kuhamahama kati ya hosti za aina tofauti. TB 1.5 yako inavuka, QEMU inakataa mapema, na nashukuru siku hizi inakataa, kwa sababu matoleo ya zamani yaliwaka tu bila kukagua, kerneli ikaja kufia katikati ya kubuti bila maelezo.

Ongeza host-phys-bits=on kwenye -cpu, au kama unatumia libvirt weka maxphysaddr mode='passthrough' ndani ya kipengele cha cpu. Mashine pepe itapewa biti za hosti na itawaka. Halafu kagua na maxmem, kwa sababu QEMU inahesabu anwani ya juu kabisa ambayo inaweza kuja kutumika, mtu anaipa GB 900 lakini maxmem ya kuongezea RAM baadaye ameandika TB 2, anakutana na ujumbe uleule. Kadi za GPU zenye memori kubwa nazo zinaomba anwani zao juu huko huko.

Kitu cha kukubaliana na wakubwa kabla hamjaiwasha kwa kazi, mashine hii ikishaamka na biti 46, kerneli yake imejipanga kwa 46, huwezi kuihamisha ikiwa hai kwenda hosti yenye biti pungufu. Pita kwenye kila hosti ya klasta yenu uandike namba yake ya address sizes, chukua ndogo kuliko zote, na kama hiyo ndogo inatosha TB 1.5 basi itumie hiyo kwa phys-bits= ukiitaja kwa mkono badala ya kuchukua ya hosti.